Steringi wa juzi, bosi wa leo: uongo mnaouamini kuhusu wahusika wa Tekken

Nachezesha gemu, na jioni nawafundisha Tekken, ile gemu ya mapigano, wanaotaka kuingia mashindano. Ubishi wa nani mkali haunisumbui, huo unamalizwa kwenye pedi. Kinachonichosha ni mtu aliyeiacha Tekken 3 enzi za shule anaposhika Tekken 8 leo, na kabla hajamaliza raundi ya pili anatangaza kibanda kizima kwamba gemu imeharibiwa kwa sababu "wamebadilisha watu". Ukimuuliza nani kabadilishwa, anataja majina ambayo hata zamani hakuyaelewa.

"Kazuya ndiye steringi, siku hizi wamemgeuza adui"

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, na inatembea na pacha wake kuhusu Jin, mwana wa Kazuya: "Jin ni mtu mwema, Tekken 6 walikosea." Zote mbili zimetoka kwenye mabanda ya video, ambako tulikubaliana kwamba steringi hafi na steringi hageuki. Anaweza kupigwa, kufungwa, kutekewa mchumba, lakini mwisho lazima asimame yeye. Tekken haikuwahi kula kiapo hicho, na iliuvunja utaratibu huo mapema, kwenye toleo la pili tu.

Tazama skrini ya kuchagua wahusika. Kwenye Tekken ya kwanza, iliyoingia kwenye mashine za kumbi za gemu mwaka 1994 na PlayStation mwaka 1995, Kazuya yupo tangu unapowasha. Heihachi, baba yake, amefichwa, naye ndiye bosi wa mwisho. Sababu ya kumchukia mzee huyo ipo: alimtupa mwanawe wa miaka mitano kutoka juu ya mwamba ili aone kama ana nguvu ya kupanda na kurudi. Kazuya anakua, anashinda mashindano, anambeba baba yake na kumtupa pale pale alipotupwa yeye. Ukiishia hapo, sawa, steringi unaye.

Sasa weka Tekken 2, ya kumbini mwaka 1995 na ya PlayStation mwaka 1996. Heihachi yuko kwenye wale kumi wa mwanzo, anayemtaka anamchukua. Kazuya haonekani mpaka umfungue kwa jasho. Unakutana naye mwisho wa mchezo, ukimwangusha anakuja Devil, shetani aliye ndani yake, na pambano linaanza upya. Miaka miwili aliyoishika Mishima Zaibatsu, kampuni ya ukoo wao, imejaa utekaji, mauaji na magendo ya wanyama wanaolindwa, na ndiyo maana Jun Kazama, ofisa wa ulinzi wa wanyamapori, yumo kwenye gemu ile. Hakuja kutafuta mume, alikuja kukamata mtu. (Yaliyotokea kati yao baadaye ndiyo yaliyotuletea Jin, lakini kazi iliyompeleka ni ile.) Mwisho Heihachi anashinda na kumtumbukiza mwanawe kwenye volkano.

Kwa hiyo anayelalamika kwamba Kazuya amegeuzwa adui "siku hizi" amechelewa karibu miaka thelathini.

Tena hakugeuzwa kitu. Hasira ya Kazuya wa toleo la pili ni ile ile ya toleo la kwanza. Alipokuwa hana chochote tuliishangilia. Alipopata kampuni, fedha na jeshi, hasira hiyo hiyo ikawa balaa kwa watu wengine. Kilichobadilika ni kiti alichokalia. Fuatilia kiti cha Mishima Zaibatsu na utaacha kushangaa: toleo la kwanza anacho Heihachi, bosi ni yeye. La pili anacho Kazuya, bosi ni yeye. La nne kimerudi kwa Heihachi, unamalizana naye. La tano anakitwaa Jinpachi, baba wa Heihachi na babu wa Kazuya, na ndiye unayemkuta mwisho. Ogre, zimwi ambalo ni bosi wa Tekken 3, ndiye aliyevuruga mpangilio huo, na hata pale, risasi ya kichwa aliyopigwa Jin baada ya ushindi ilitoka kwa mwenye kampuni.

Basi Jin. Tekken 3 ilitoka mwaka 1997, na PlayStation ikaipata mwaka 1998. Hadithi imeruka miaka 19. Kijana mpya, mama yake ametoweka baada ya shambulio la Ogre, anakwenda kufundishwa na babu yake Heihachi, anamshinda Ogre, babu anamlipa kwa risasi, na Devil anaamka ndani yake. Wengi wenu mliishia hapo, mkabaki na picha ya kijana aliyeonewa. Toleo la tano anampiga Jinpachi na kukichukua kile kiti. Tekken 6, ya kumbini mwaka 2007 na majumbani mwaka 2009, anakitumia kuitangazia dunia vita. Nafasi ya mbele kwenye hadithi anapewa mgeni, Lars, mtoto wa nje wa Heihachi, na wewe unapita mji hadi mji ukimsaka Jin. Sababu zake anazo: anataka vita vimwamshe zimwi Azazel ili amwangamize na kuikata laana ya damu yao. Mnaweza kusema sababu hiyo haitoshi. Mimi pia nasema haitoshi, na Jin mwenyewe kwenye Tekken 8 anabeba lawama hiyo mgongoni wakati akijaribu kumzuia baba yake. Lakini kusema "walikosea" maana yake hukuwatazama watu watatu waliokikalia kiti kile kabla yake.

Kuna ushahidi ambao watu hawautazami kabisa kwa sababu hauko kwenye video za hadithi. Uko vidoleni.

Kwenye Tekken 3 Jin anapiga ile ngumi ya Mishima yenye cheche za umeme: mbele, achia, chini, halafu mshazari wa chini na mbele uingie pamoja na pembetatu kwa wakati mmoja. Gemu inachora picha 60 kwa sekunde, na pembetatu ikichelewa picha moja tu, ngumi inatoka lakini cheche hazitoki. Wapo waliotumia likizo nzima kuipata. Halafu anakuja mtu na kipaji chake cha likizo ile, anamchagua Jin wa Tekken 4, anazungusha, hakuna. Anarudia, hakuna. Ananigeukia: "Kaka, hii pedi mbovu." Pedi nzima. Jin wa Tekken 4 alijificha Brisbane, Australia, akajifunza karate nyingine kutoka mwanzo ili aitoe mikononi mwake kila alichofundishwa na babu yake. Watengenezaji hawakuishia kukuambia kwa maneno kwamba Jin anawachukia akina Mishima. Wamekunyang'anya ngumi yao. Tekken 5 ngumi ile inarudi, kwa Devil Jin, yaani Jin aliyetawaliwa na shetani wake. Ile sehemu aliyokuwa anaikimbia ndiyo iliyobaki na urithi. Sijui gemu nyingine ya mapigano iliyosimulia mabadiliko ya mtu kwa namna nzuri kuliko hiyo, na watu wanaishia kulaumu pedi.

Ndiyo maana kila mwanafunzi wangu, kabla hajaniambia mhusika fulani "si yule", namlazimisha asimamishe mchezo afungue orodha ya mapigo na kuisoma yote. Wananuna. Wasome tu. Kilichoondolewa na kilichoongezwa pale kinakuambia mtu amehamia upande gani kuliko mabishano ya benchi.

"King ni yule yule tangu mwanzo"

Hapana. Yule wa kichwa cha chui uliyempenda Tekken 3 ni mtu mwingine ndani ya kinyago. King wa matoleo mawili ya kwanza aliuawa na Ogre. Alikuwa mpiganaji wa mieleka aliyekuwa akilea yatima, na mmoja wa yatima wale ndiye aliyekivaa kinyago, akafundishwa na Armor King, hasimu na rafiki wa marehemu. (Mexico alikuwepo kweli padri aliyepigana mieleka akiwa amevaa kinyago ili alishe yatima, Fray Tormenta. Hadithi hii haikuokotwa hewani.) Ukishalijua hilo, Tekken 4 inakuwa gemu nyingine kabisa: Marduk amemuua Armor King kwenye ugomvi wa baa, na King anayekuja kulipiza ni yatima aliyefiwa na mlezi wa pili. Anamshinda, halafu anamwacha hai. Na Armor King unayemkuta kwenye matoleo ya baadaye? Mdogo wake marehemu.

Law ndiyo hivyo hivyo. Aliyeko Tekken 3 ni Forest, mtoto. Marshall, baba, anarudi Tekken 4 akiwa amefilisika, na Tekken 5 anapigania hela za hospitali kwa sababu Forest amepata ajali na pikipiki ya Paul, mpiganaji mwingine. Kuma wa Tekken 3 ni mtoto wa yule dubu wa kwanza. Julia ni binti wa kulea wa Michelle. Na Jack si mtu, jamani, ni mashine. Kila namba ni mashine yake, isipokuwa kwamba msichana aliyeokolewa na Jack-2, Jane, alikua akawa mwanasayansi akihangaika kumfufua.

"Walisahau kumzeesha Nina"

Hawakusahau. Yeye na dada yake Anna walilazwa kwenye barafu miaka yote ile 19, na Nina akaamka bila kumbukumbu. Akiwa amelala, mayai yake yakatumika kwenye majaribio, akazaliwa Steve Fox, bondia unayemkuta Tekken 4. Nina anatumwa kumuua Steve bila kujua ni nani kwake. Toleo la sita utamkuta kando ya Jin, akifanya kazi ya mwenye kiti. Mwuaji wa kukodiwa anamfuata mlipaji, hapo hakuna fumbo.

"Nilimaliza na Paul, kwa hiyo Paul ndiye bingwa"

Kila mhusika ana mwisho wake, na karibu yote ni ndoto za mhusika huyo. Toleo linalofuata ndilo linaloamua mwisho upi ulitokea: wa kwanza ni wa Kazuya, wa pili ni wa Heihachi. Paul wa Tekken 3 alimpiga Ogre kweli, hilo linakubalika, akaondoka zake akijiona ameshamaliza. Nyuma yake Ogre akageuka lile dubwana, na Jin ndiye aliyebaki kulimaliza. Aliyekuwa hasimu wa kuheshimiwa wa Kazuya kwenye gemu ya kwanza amegeuzwa kichekesho cha ukoo mzima wa Tekken, na hapo, nakubali, wapenzi wa Paul wana haki ya kununa.

"Jun alikuwepo kwenye Tag, basi alikuwa hai"

Tekken Tag Tournament haimo kwenye hadithi. Ni sherehe, wafu na wazima wamealikwa pamoja. Usinitolee ushahidi kutoka pale. Jun amerudi kwenye hadithi yenyewe Tekken 8, Januari 2024.

"Eddy ni wa wasiojua kucheza"

Hii haihusu kurudi kwa wahusika lakini siwezi kuipita. Eddy ni Mbrazili aliyekaa gerezani miaka minane kwa mauaji ya baba yake mwenyewe ambayo hakuyafanya, na capoeira, mapigano ya Kibrazili ya mateke, aliipata humo ndani. Tekken 4 karibu apokonywe nafasi na Christie, mjukuu wa mwalimu wake. Tekken 6 anaitumikia kampuni ya Jin kwa ahadi ya matibabu ya mwalimu huyo. Kama umefungwa na mtu anayebonyeza mateke ovyo, tatizo ni kwamba hujui kukinga chini. Njoo tukae nusu saa.

"Heihachi amekufa, imeisha hiyo"

Tekken 7 Kazuya alimtupa kwenye lava, na Katsuhiro Harada, aliyeisimamia Tekken kwa miaka mingi, akasema huyu mzee safari hii amekufa kweli. Tekken 8 ikaja na Reina, msichana mwenye mapigo ya Mishima, na kila mtu akakubali kwamba nafasi ya mzee imepata mrithi. Mwaka 2024 haukuisha Heihachi akarudi kama mhusika wa kununua. Kwa hiyo sasa wako wawili, na wanaokuja kwangu wananiuliza wamchukue nani kwa mashindano. Kama ngumi ya umeme unaitoa mara nane kwa kumi, chagua yeyote kati yao. Kama huitoi, rudi kwa Law, yule baba, na uache kuniuliza mambo ya ukoo.