Hiyo "ya" kwenye mafuta ya limau

Kabla ya mazoezi ya kwaya wiki iliyopita nilimkuta kijana wetu wa gitaa amelilaza gitaa mezani, nyuzi kazivua zote, nusu ya limau mkononi. "Kaka, si wanasema ubao unapakwa mafuta ya limau?" Huyu ni wa tatu. Basi tuliseme jambo hili.

Mafuta ya limau ni mafuta ya kusafishia na kulainishia ubao wa vidole, yaani ule uso wa shingo ya gitaa wenye freti (vile vyuma vyembamba vilivyokingama), pale ambapo mbao haikupigwa vanishi. Yanalegeza uchafu wa jasho na kupunguza kasi ya unyevu kuingia na kutoka. Chupa nyingi zenye jina hilo zina mafuta mepesi ya madini, ndugu wa yale ya kupaka watoto, yaliyotiwa harufu ya limau. Unapaka matone machache, unafuta, mara moja au mbili kwa mwaka. Maana imeishia hapo.

Kinachotuponza ni hiyo "ya". Mafuta ya nazi yametoka kwenye nazi. Mafuta ya taa hayakukamuliwa kwenye taa, yanakwenda kwenye taa. Mafuta ya nywele, namshukuru Mungu, hayatoki kwenye nywele. Hatukosei kwa sababu vitu hivyo tumekua navyo. Haya ya limau yametukuta ukubwani, nayo "ya" yake mara nyingi ni ya harufu tu. Mafuta halisi ya limau yapo, lakini yanakaa kwenye ganda: likunje karibu na mshumaa uone yanavyorusha cheche. Kilichomo ndani ya tunda ni maji yenye asidi, na hayo ndiyo kijana wangu alikuwa anataka kuyamwaga juu ya freti.

Neno "mafuta" nalo lina lawama yake. Kwetu ni ya kupikia, ya kupaka, hata ya gari, kwa hiyo mtu akiambiwa apake mafuta anakimbilia chupa ya alizeti jikoni. Alizeti ikikaa hewani huchacha na kunata. Mafuta ya madini hayachachi, ndiyo maana yakachaguliwa.

Halafu kuna wanaosema "kulisha mbao" kwa sababu "imekauka". Mbao haili, ilikufa siku mti ulipoangushwa. Na kukauka ni kupungukiwa maji, wala mafuta si maji. Ubao ukisinyaa hadi ncha za freti zikakukwaruza kiganja, dawa yake ni unyevu wa hewa, ambao Dar es Salaam unatolewa bure. Gitaa lililokaa pwani likionekana limepauka, mara nyingi limefutwafutwa tu hadi mafuta yake yakaisha. Ubao wa mpingo ndio hauna shida kabisa: ni mzito, una mafuta yake ya asili, unaomba kidogo sana.

Nikamchukulia lile limau, nikapitisha kidole kwenye ubao wake. Mweupe, unateleza kama sahani. Ni mbao ya mepo (maple) iliyopigwa vanishi, mtindo ambao Fender, watengenezaji wa magitaa, waliuanza 1950.

"Huu haunywi chochote, mdogo wangu. Loweka kitambaa, kikamue sana, futa, kisha pitisha kikavu."

"Hata mafuta yenyewe ya dukani?"

"Hata hayo."