Mistari haijakatana, basi hakuna jibu? Futa hiyo

"Mwalimu, hii haina jibu, mistari haikatani." Kwenye kutatua milinganyo miwili kwa grafu, ambapo jibu ni nukta mistari inapokatana, nimeisikia hii mpaka masikio yamechoka, na mara nyingi mistari haina kosa lolote. Kosa ni la karatasi. Mwanafunzi kachora mhimili wa x kuanzia −5 hadi 5 kwa sababu ndivyo alivyozoea, mistari imefika ukingoni bila kugusana, naye anaandika kwa ujasiri wote kwamba ni sambamba.

Chukua y = 2x + 1 na y = 1.5x + 7. Kwenye grafu hiyo ya mazoea mistari inapanda karibu kwa pamoja na haigusani popote. Sasa pima pengo. Pale x ilipo −5, mstari wa pili uko juu ya wa kwanza kwa 8.5. Kwenye 0 ni 6, kwenye 5 ni 3.5. Mistari sambamba haipunguzi pengo hata kidogo; hii inapunguza 0.5 kila x inapoongezeka moja. Kutoka 6, ukitoa 0.5 kila hatua, pengo linaisha x ikifika 12, na hapo y ni 25. Jibu lipo, (12, 25), ila limeangukia nje ya daftari.

Kwa hiyo kabla hujagusa rula, andika milinganyo yote miwili kwa umbo la y = mx + c, uangalie m, yaani mteremko wa mstari (c ni pale unapokata mhimili wa y). m zikitofautiana, mistari itakatana tu, utake usitake. m zikiwa sawa, lakini c zikatofautiana, hapo ndipo una ruhusa ya kuandika "hakuna jibu". Ni kazi ya sekunde chache, lakini ukiwaambia wanakutazama kana kwamba umewaongezea adhabu.

Kisha badili skeli. Kuna wanaoamini ni mwiko x kwenda moja moja huku y ikienda tano tano. Si mwiko. Mwiko ni kwenye mhimili uleule kuweka 1, 2, 3, halafu hatua inayofuata, yenye upana uleule, kuiita 5.

"Grafu inatoa jibu kamili." Inatoa jibu la macho. Kwa x + y = 4 na 2x − y = 3 utasoma 2.3 na 1.7. Utahakiki kwenye mlinganyo wa kwanza, upate 4, ushangilie. Jaribu wa pili: 4.6 − 1.7 ni 2.9. Jibu lenyewe ni 7/3 na 5/3, na penseli zenu butu haziwezi kulionyesha. Hakiki kwenye yote miwili, siku zote.

"Nimepata mstari mmoja, nimekosea." Kwa x + 2y = 6 na 2x + 4y = 12 hujakosea: ni mstari uleule, na majibu hayana idadi. Hiyo haina maana kwamba kila jozi ni jibu. (2, 2) imo, (1, 1) haimo.

"Nukta mbili zinatosha kuchora mstari." Kwa jiometri, ndiyo. Kwa mtu anayesahau alama ya kutoa kwenye jedwali, hapana. Weka ya tatu; isipolala kwenye mstari, rudi kwenye jedwali.

Na anayeandika "x = 12" akafunga daftari, mimi humpa nusu ya alama. y iko wapi?