Kuhamia Asheville na familia: dhana potofu na ukweli wake

Asheville ni mji wa watu wapatao 95,000 katika milima ya Blue Ridge, magharibi mwa jimbo la North Carolina. Familia iliyochoshwa na foleni za Houston au Chicago huuona pichani, ikavutiwa na hewa safi na milima ya kijani, kisha ikaanza kufunga mizigo. Uzuri huo upo kweli. Ila nyumba mbili zilizoachana kilomita mbili tu zaweza kutofautiana kwa shule, hatari ya mafuriko, hali ya barabara na hata maji ya bomba. Kwa hiyo kuuliza Asheville pakoje hakutoshi. Uliza anwani hii, nyumba hii, ikoje.

"Kusini mwa Marekani ni joto mwaka mzima"

Wengine huamini hivyo. Wengine wakisikia milima hujiandaa kwa baridi ya Minnesota. Wote wanakosea. Mji uko mita 650 hivi juu ya usawa wa bahari, chini sana kuliko Arusha au Nairobi, lakini uko mbali na ikweta, na majira ndiyo yanayotawala. Mchana wa Julai hufika nyuzi 29 hivi. Usiku wa Januari hushuka chini ya sifuri. Theluji ya mwaka mzima ni sentimita 25 hivi kwa wastani, si nyingi. Kinachoangusha watu ni barafu nyembamba isiyoonekana juu ya lami, hasa upande wa mlima unaotazama kaskazini, ambako jua la Desemba na Januari halifiki vizuri. Mjini theluji imeshayeyuka, wewe bado gari limekwama uani.

Ukienda kutazama nyumba wakati wa joto, simama kwenye njia ya kuingilia uone mteremko wake na upande inakotazama. Uliza pia nani anaihudumia barabara. Barabara nyingi za milimani ni za binafsi: mji haupeleki greda huko, jimbo halipeleki, na wakazi wenyewe ndio wanaochangia kokoto na matengenezo. Shule nazo, barafu ikitanda, huanza kwa kuchelewa kwa muda wa saa mbili au hufungwa siku nzima. Mwenye zamu ya alfajiri apange mapema nani atabaki na watoto.

"Mafuriko ni ya watu wa pwani"

Hii ndiyo dhana iliyogharimu kuliko zote. Kimbunga Helene kiliingia nchi kavu Florida usiku wa tarehe 26 Septemba 2024, na siku iliyofuata mabaki yake yakaifikia milima ambayo tayari ilikuwa imelowa kwa mvua za siku zilizotangulia. Mto French Broad pale Asheville ulivuka rekodi iliyodumu tangu 1916. Mitaa ya Biltmore Village na River Arts District ilizama, na bonde la Swannanoa lilifagiliwa. North Carolina peke yake ilipoteza watu zaidi ya 100. Mlima hauzuii maji, huyakusanya: mvua ya miteremko yote inashuka kwenye bonde moja jembamba, mto unajaa kwa saa chache, na udongo ulioshiba maji unaporomoka na miti yake.

Hata nyumba zilizobaki kavu ziliumia. Mabomba makuu kutoka bwawa la North Fork, linaloupa mji maji, yalikatika, pamoja na lile la akiba lililofukiwa chini sana baada ya mafuriko ya 2004. Maji ya bomba yalitangazwa kuwa salama kunywa tarehe 18 Novemba, siku 53 baadaye. Shule zilifungwa takribani mwezi mzima. Barabara kuu ya I-40 kwenda Tennessee ilimegwa na mto Pigeon, ikafunguliwa tena 1 Machi 2025, njia moja tu kila upande.

Kabla ya kusaini mkataba, ingiza anwani kwenye ramani ya mafuriko ya jimbo, inayoitwa FRIS, ni bure. Kisha tazama ramani ya maporomoko ya ardhi ya kaunti ya Buncombe, ambamo Asheville imo, maana nyumba iliyo juu ya mto yaweza kuwa chini ya mteremko unaoteleza. Waulize majirani maji yalifika wapi 2004 na 2024. Wao wanakumbuka jiwe gani lilifunikwa na ukuta gani ulibaki na alama ya tope, na ramani haina habari hizo.

Upande wa bima, wengi hudhani bima ya mpangaji inalipa kila kitu. Hailipi mafuriko. Bima ya mafuriko ya serikali kuu, NFIP, hununuliwa peke yake. Mpangaji anaweza kukinga mali zake hadi dola 100,000, lakini kwa kawaida bima huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kununuliwa, kwa hiyo kuikimbilia kimbunga kikishatangazwa ni kuchelewa. Maporomoko ya ardhi kwa kawaida hayamo hata humo.

Akiba ya maji ihesabiwe lita 4 kwa mtu kwa siku. Familia ya watu watano kwa wiki mbili ni lita 280, mbali na maji ya chooni. Ukiwa na jenereta, iweke nje, angalau mita 6 kutoka madirishani na milangoni. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini.

Kuna gesi nyingine inayotoka ardhini kwenyewe, nayo ni redoni. Buncombe imo kwenye kundi la kaunti zenye hatari kubwa zaidi katika ramani ya shirika la mazingira la Marekani, na redoni ni chanzo cha pili cha saratani ya mapafu nchini humo baada ya sigara. Kipimo chake ni rahisi: funga madirisha kwa muda wa saa 12 kabla ya kupima, weka kifaa kwenye ghorofa ya chini kabisa mnayoishi, kiache kwa muda wa angalau saa 48, kisha kitume maabara. Majibu yakifika pikokyuri 4 (kizio cha mionzi) kwa lita ya hewa, nyumba inahitaji bomba na feni ya kuitoa gesi nje.

"Mji mdogo, maisha rahisi"

Asheville ni kati ya miji yenye nyumba ghali zaidi North Carolina. Unategemea sana utalii, nyumba nyingi zinapangishwa kwa wageni wa siku chache, na tambarare ya kujengea ni haba. Mishahara haikupanda vivyo hivyo: kima cha chini cha jimbo bado ni kile cha taifa, dola 7.25 kwa saa. Hoteli na mikahawa hulipa zaidi ya hapo, lakini piga hesabu. Dola 18 kwa saa, saa 40 kwa wiki, ni dola 3,120 kwa mwezi kabla ya makato. Wenye nyumba wengi wanataka kipato mara tatu ya kodi, yaani kwa nyumba ya dola 1,600 uonyeshe 4,800. Mshahara mmoja hautoshi. Anayetoka Texas au Tennessee aongeze kodi ya mapato ya jimbo, ambayo hakuwa akikatwa huko.

Sheria inamkinga mpangaji kwa mambo machache yanayofaa kujulikana. Kwa mkataba mrefu kuliko ule wa mwezi hadi mwezi, amana haipaswi kuzidi kodi ya miezi miwili. Mkataba ukiisha, mwenye nyumba ana siku 30 za kuirudisha au kueleza kwa maandishi alichokata. Faini ya kuchelewa haitozwi kabla kodi haijachelewa siku 5, na kwa kodi ya kila mwezi ukomo wake ni dola 15 au asilimia 5, kiasi kilicho kikubwa. Piga picha kila ukuta siku ya kuingia.

Wanaokimbilia Candler au Leicester, nje ya mji, kwa ajili ya nafuu wakumbuke kwamba mabasi ya ART yanahudumia zaidi mji wenyewe. Huko nje, wazazi wawili wenye zamu tofauti wanahitaji magari mawili, na nafuu ya pango inaishia kwenye petroli na bima.

"Anwani ikisema Asheville, mtoto atasoma shule za mji"

Si lazima. Kuna wilaya mbili za shule za umma, ya mji na ya kaunti ya Buncombe, na mpaka wake haufuati mpaka wa mji. Barua zinakuja zikiwa zimeandikwa Asheville, na mtoto anakwenda shule ya kaunti. Piga simu wilayani na anwani kamili kabla ya kulipa amana.

Wazazi wengine huchelewesha kuandikisha watoto kwa kuwa hawana karatasi za chanjo. Mtoto anaweza kuanza, na mna siku 30 za kuleta kadi ya chanjo. Kwa anayeingia shule za umma za jimbo kwa mara ya kwanza, na fomu ya uchunguzi wa afya pia. Chekechea ya shule hupokea mtoto aliyetimiza miaka 5 kufikia 31 Agosti. Kijana wa miaka 17 ambaye hakumaliza sekondari asikatishwe tamaa: haki ya kusoma inaendelea hadi miaka 21. Hadhi ya uhamiaji haimzuii mtoto kusoma. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua hivyo 1982. Kwenye fomu ya lugha ya nyumbani andika Kiswahili bila woga. Ndiyo inayofungua mlango wa kupimwa Kiingereza na kupata masomo ya msaada, na wilaya inawajibika kuwasiliana nanyi kwa lugha mnayoielewa. Msimgeuze mtoto kuwa mkalimani wa kikao chake mwenyewe.

"Medicaid na msaada wa chakula vinahama nasi"

Havihami. Medicaid ni bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na kila jimbo lina faili lake. Funga faili la zamani, dai barua ya kufungwa, kisha omba upya idara ya huduma za jamii ya kaunti. Huwezi kupokea msaada wa chakula katika majimbo mawili mwezi mmoja. North Carolina ilipanua Medicaid tarehe 1 Desemba 2023, hivyo mtu mzima aliyenyimwa zamani aombe tena. Sheria ya Julai 2025 imebadili nani kati ya wakimbizi na waliopewa hifadhi anastahili, basi nendeni na hati zote. Mgonjwa wa kisukari au shinikizo la damu abebe dawa za siku 30.

Leseni ya udereva ya jimbo jipya inatakiwa ndani ya siku 60, na kabla ya namba za gari utahitaji bima ya kampuni iliyoidhinishwa North Carolina. Ushuru wa gari hulipwa pamoja na usajili, kwa hiyo weka fedha pembeni.

"Posta itapeleka barua za uhamiaji"

Hapa kosa dogo linaweza kumfukuzisha mtu nchini. Asiye raia lazima aiarifu USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, anwani mpya ndani ya siku 10, kwa fomu AR-11. Mwenye kesi katika mahakama ya uhamiaji anajaza na fomu ya mahakama hiyo, EOIR-33, ndani ya siku 5 za kazi, maana ofisi hizi mbili hazipeani taarifa. Kesi iliyofunguliwa Chicago haiji yenyewe: wakili au wewe mwenyewe mnaomba kwa maandishi ihamishwe, na mpaka jaji akubali, tarehe ya Chicago ni ileile. Usipofika, jaji anaweza kuamuru uondolewe bila wewe kuwepo. Mahakama ya uhamiaji ya North Carolina iko Charlotte, kama saa mbili kwa gari.

"Chakula chetu hakipo"

Sukuma wiki ipo kila duka la Kusini, kwa jina la collard, tena mafungu makubwa. Unga mweupe wa mahindi nao ni chakula cha wenyeji. Soma pakiti tu: wenye neno self-rising umechanganywa hamira ya unga na chumvi, na ugali wake unavimba, una chumvi, na haushikani. Chukua ulioandikwa mahindi pekee. Mawese, samaki wakavu na unga wa muhogo vinunue Charlotte siku mnayokwenda kwa shughuli nyingine.