Christina wa Denmark: posa iliyokwama kwenye ukoo

Ukitafuta habari za Christina, binti wa mfalme wa Denmark, utakutana kwanza na ile kauli kwamba angekuwa na vichwa viwili, kimoja angempa Henry VIII, mfalme wa Uingereza aliyekuwa amemkata kichwa mkewe wa pili. Kauli tamu, ila haimo katika barua za mabalozi walioishughulikia posa ya Henry kwake. Kilichomo humo ni kwamba Thomas Wriothesley, balozi wa Henry, alipomuuliza anaonaje, alijibu kuwa yuko chini ya amri ya Kaisari Charles V, mjomba wake. Binti aliyelelewa ikulu alijua kujibu.

Jane Seymour, mke wa tatu wa Henry, alifariki Oktoba 1537, na mwaka haujaisha washenga walikuwa kazini. John Hutton, mjumbe wa Uingereza huko Brussels, alimwelezea Christina: miaka 16, mrefu sana, akicheka hutoka vishimo mashavuni na kidevuni. Tena alikuwa mjane tayari. Mumewe Francesco Sforza, mtawala wa Milan, alikufa mwishoni mwa 1535.

Machi 1538 akaletwa mchoraji Hans Holbein. Picha ya mchoraji mwingine ilikuwa imeshatumwa London. Hutton, alipoiona kazi ya Holbein, aliona ile ya kwanza haimfanani. Tarehe 12 Holbein alipewa saa tatu tu, kuanzia saa 7 mchana hadi saa 10. Muda huo hautoshi picha ya rangi ya mafuta, kwa hiyo alichukua rasimu, na ile kubwa akaichora baadaye. Leo iko National Gallery, London: ubao wa mwaloni wenye urefu wa karibu sentimita 179. Itazame mikono. Imeshika glovu, na kidoleni kuna pete moja yenye jiwe jekundu. Kwingine kote ni weusi wa mavazi ya ujane, kwa hiyo jicho halina pa kwenda ila usoni na mikononi.

Henry aliipenda. Kikwazo kilikuwa ukoo. Bibi yake Christina, Juana, alikuwa dada wa Catherine wa Aragon, mke wa kwanza wa Henry. Kwa hesabu yetu Catherine ni bibi mdogo, na bwana harusi ni babu! Kanisa Katoliki lilitaka kibali cha Papa kwa ukwe wa namna hiyo. Kudai kwamba ndoa ya Catherine ilikuwa batili hakukusaidia, maana kwa sheria ya wakati ule ukwe ulitokana na kulala pamoja, ndoa iwe halali isiwe halali.

Henry alikuwa ameshaachana na Roma, akasisitiza kwamba kanisa lake mwenyewe linatosha kutoa kibali. Kaisari Charles alikataa: kwa Wakatoliki kibali hicho kingekuwa karatasi tupu, na watoto wangeitwa wa haramu siku ya kugombea urithi. Henry naye angepokea kibali cha Papa, angekuwa amekiri kwamba Papa ana mamlaka Uingereza. Hapo mshenga hata awe hodari vipi hana la kufanya.

Charles alivuta muda kwa sababu aliihitaji Uingereza dhidi ya Ufaransa. Januari 1539, huko Toledo, yeye na Francis I, mfalme wa Ufaransa, waliahidiana kwamba hakuna atakayepatana na Henry bila ridhaa ya mwenzake. Posa ikafa, na kiangazi hicho Holbein akatumwa kumchora mchumba mwingine, Anne wa Cleves.

Christina aliolewa 1541 na Francis mwingine, mrithi wa utawala wa Lorraine, jirani ya Ufaransa. Mwaka 1545 akawa mjane tena, akaitawala Lorraine kwa niaba ya mwanawe hadi 1552, Wafaransa walipomnyang'anya utawala na mtoto pia.