Seli uaji asilia ni nini, na VVU huzifanya nini?

Mtu aliyewahi kuketi kwenye benchi la kituo cha tiba na matunzo kwa wenye VVU, iwe Makambako, Mafinga au Tukuyu, anaijua CD4, aina ya seli za kinga ya mwili. Ameisikia kwa mnasihi, ameiona imeandikwa kwenye kadi, na pengine anaikumbuka namba yake ya kwanza kama anavyoikumbuka tarehe ya kuzaliwa kwa mwanawe. Katika mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini elimu hii si jambo la pembeni, kwani utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima nchini yakiwa asilimia 4.4, huku Njombe yakifikia asilimia 12.7, kiwango kinachozidi cha mkoa mwingine wowote. CD4 zinastahili kujulikana hivyo, kwa sababu ndizo seli ambazo virusi huziingia na kuziangamiza. Hata hivyo, kuzitaja hizo peke yake kumewafanya wengi waamini kwamba kinga ya mwili ni kitu kimoja kinachopungua na kuongezeka kama maji kwenye pipa. Lipo kundi jingine la seli za kinga ambalo haliangamizwi kwa namna hiyo. Hilo hubaki katika damu, likahesabika, lakini tabia yake ikawa imebadilika.

Kundi hilo ni la seli uaji asilia, ambazo kwenye maandishi ya kitabibu hufupishwa NK. Ni aina ya chembechembe nyeupe za damu zilizo katika ukoo wa limfosaiti, na kwa kawaida huwa kati ya asilimia 5 na 15 ya limfosaiti zote zinazozunguka katika damu. Zilitambuliwa katikati ya miaka ya 1970 na watafiti wa Uswidi na Marekani, walipoona kwamba limfosaiti za panya ambao hawakuwahi kukutana na uvimbe fulani wa saratani ziliweza kuziua seli za uvimbe huo papo hapo. Neno “asilia” limetokana na jambo hilo. Seli T, ambazo CD4 ni sehemu yake, zinahitaji kwanza kumtambua adui mahususi na kuzaliana kwa siku kadhaa kabla ya kuwa na nguvu ya kutosha, ilhali seli uaji asilia huwa tayari tangu mwanzo.

Swali linalofuata ni gumu zaidi: kama hazikufundishwa kumjua adui, zinawezaje kuua seli iliyoambukizwa na kuiacha iliyo nzima? Jibu lililotolewa na mtafiti Klas Kärre wa Uswidi katika miaka ya 1980 ni kwamba hazimtafuti adui. Zinachotafuta ni ishara ya wenyeji, na pale ishara hiyo inapokosekana ndipo zinaposhambulia.

Tuchukue mfano wa kwetu. Katika vijiji vya Wahehe na Wabena hupishani na mtu njiani kimya kimya. “Kamwene” hutamkwa hata kwa mgeni, naye mgeni huitikia hata kama hajui neno jingine lolote la lugha hiyo. Mlinzi wa usiku anayesalimia na kujibiwa huendelea na lindo lake, na asiyejibu ndiye anayemulikwa tochi. Karibu kila seli ya mwili ina protini juu ya ngozi yake ziitwazo HLA, na hizo ndizo kiitikio chake. Seli uaji asilia ina vipokezi vinavyozigusa HLA. Vikizigusa, seli hiyo hutulizwa na kupita, na vikizikosa, kizuizi kinaondoka. Seli T nazo huzitumia HLA hizohizo kwa njia tofauti, kwa kuwa HLA hubeba vipande vidogo vya protini zinazotengenezwa ndani ya seli, na humo vipande vya kirusi huonekana. Kwa hiyo seli T husikiliza kinachosemwa, na seli uaji asilia husikiliza kama kuna jibu lolote.

Hapo ndipo kirusi hujikuta katika mtego, kwani kikiiacha seli ijibu, maneno yake yatakifichua mbele ya seli T, na kikiinyamazisha kabisa, ukimya utaziita seli uaji asilia. VVU vina protini iitwayo Nef inayoukabili mtego huu kwa ustadi unaotisha: huziondoa HLA-A na HLA-B, ambazo seli T huzitegemea zaidi, lakini huiacha HLA-C, na hiyo moja mara nyingi inatosha kuzituliza seli uaji asilia. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba HLA-C haiguswi kamwe. Mwaka 2016 ilionyeshwa kwamba aina nyingi za VVU zinazopatikana kwa wagonjwa huipunguza nayo pia, kwa kutumia protini nyingine iitwayo Vpu, na kiasi cha upunguzaji hutofautiana kati ya kirusi cha mtu mmoja na cha mwingine. Mimi naona kwamba jambo hili lina uzito kuliko linavyopewa, kwa sababu linaonyesha kuwa kirusi hakina hila moja tu, bali hupima ndani ya kila mwili ni kinga ipi inayokibana zaidi, kisha hujirekebisha.

Urithi wa mtu nao una sehemu yake. Vipokezi vya seli uaji asilia hutofautiana kati ya watu, na HLA pia hutofautiana. Mwaka 2002 iligunduliwa kwamba watu wenye kipokezi kiitwacho KIR3DS1 pamoja na aina fulani za HLA-B walichelewa kufikia hatua ya UKIMWI kuliko waliokuwa na kimoja tu kati ya hivyo viwili.

Inapoamua kuua, seli uaji asilia hujibana na seli iliyoambukizwa na kumwaga perforini, protini inayotoboa matundu, kisha granzaimu zinazopita humo na kuiamuru seli ijimalize yenyewe. Pia hutoa interferoni gama inayoziamsha seli nyingine za kinga, na kemikali zinazokalia kipokezi cha CCR5, ambacho ni mlango ambao VVU vingi hupitia kuingia katika CD4. Mlango ukikaliwa, kirusi hakipiti.

Mwenendo wa seli hizi kadiri siku zinavyokwenda ndio kiini cha mada yenyewe, na sehemu ya ujuzi wetu kuhusu siku za mwanzo za maambukizi imepatikana Mbeya. Jiji hilo lilikuwa mojawapo ya vituo vya utafiti uliofanyika Kenya, Uganda, Tanzania na Thailand, ambapo watu walio katika hatari kubwa ya kuambukizwa walitoa damu kidogo mara mbili kwa wiki ili maambukizi yakitokea yanaswe yangali machanga. Matokeo yaliyotoka mwaka 2016 yalionyesha kwamba wingi wa virusi hufika kileleni takriban siku 13 baada ya virusi kuonekana katika damu kwa mara ya kwanza, kisha hushuka na kutulia karibu na siku ya 31. Katika majuma hayo machache seli uaji asilia huongezeka haraka, hata kabla seli T za kuua hazijafikia nguvu zake kamili.

Baadaye mambo hugeuka. Seli hizi hugawanywa kwa kutazama alama mbili zilizo juu yake, CD56 na CD16. Zenye CD56 nyingi ni hodari wa kutoa kemikali za kuita msaada, na zenye CD56 kiasi pamoja na CD16 ni hodari wa kuua. Virusi vikiendelea kuzaliana bila dawa kwa miezi na miaka, makundi hayo mawili hupungua, na nafasi yake huchukuliwa na seli zisizo na CD56 kabisa zilizobaki na CD16. Hizi huua kwa udhaifu na hutoa kemikali chache. Mtu anayehesabu idadi ya jumla anaweza kuona kwamba hakuna kilichoharibika sana, kumbe waliopo lindoni hawasalimii tena wala hawashituki kwa ukimya. Ni kwa sababu hii naona tunakosea tunapoieleza kinga kwa hesabu tupu.

CD16 iliyotajwa hapo juu ina kazi nyingine yenye umuhimu mkubwa. Kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza ili kumnasa adui, zikishajibandika juu ya seli iliyoambukizwa, CD16 hushika mkia wa kingamwili hizo, na seli uaji asilia huua hata pale ambapo ishara nyingine hazitoshi. Chanjo ya VVU iliyojaribiwa Thailand kwa watu zaidi ya 16,000, na matokeo yake kutangazwa 2009, ilipunguza maambukizi kwa asilimia 31.2, na uchambuzi uliofuata ulielekeza macho kwenye njia hiyo ya kuua kwa msaada wa kingamwili. Matumaini hayo yalifika hadi kwetu, kwa kuwa Mbeya ilishiriki katika jaribio jingine la chanjo za VVU liitwalo PrEPVacc, ambalo mojawapo ya chanjo zake ilikuwa na kiambato kilichotumika Thailand. Uchanjaji ulisimamishwa Novemba 2023 baada ya kuonekana kwamba uwezekano wa chanjo hizo kukinga ni mdogo mno. Waliojitolea miili yao katika jaribio hilo wanastahili heshima yetu yote, kwani jibu la hapana nalo limepatikana kwa damu yao.

Dawa za ARV hubadilisha hali kwa kiasi kikubwa. Wingi wa virusi unapofubazwa, seli zisizo na CD56 hupungua na zile zenye uwezo huanza kurudi, ingawa kwa aliyechelewa kuanza dawa urejeaji huo mara nyingi haukamiliki. Utaratibu wa kupima na kuanza dawa bila kusubiri CD4 zishuke, ambao Tanzania imeufuata tangu 2016, unazisaidia hata seli ambazo hakuna mnasihi anayezitaja.

Linalobaki ni virusi vinavyojificha. Ndani ya tezi za limfu kuna vifuko ambamo CD4 zilizoambukizwa hukaa, na seli uaji asilia za binadamu huingia humo kwa nadra sana. Jamaa za tumbili tunaowaona pembezoni mwa Ruaha wana kirusi chao kinachofanana na VVU. Hukibeba maisha yao yote, kikiwa tele katika damu, na hawaugui UKIMWI. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba seli uaji asilia za tumbili hao huingia mpaka ndani ya vifuko vya tezi na kukizuia kirusi humohumo. Watafiti walipoizuia kemikali inayozifanya ziendelee kuishi, seli hizo zilitoweka, na virusi vikaongezeka ndani ya tezi.