Dune, Pumzi na Nausicaä kwa macho ya mtu wa maji

Kazi yangu ni maji, yaani visima, pampu, matanki, mita, na kazi hii imenibadilisha kabisa namna ninavyosoma saifai, yaani hadithi za kubuni za kisayansi. Wenzangu wakifungua kitabu cha sayari ya mbali wanatafuta vita na vyombo vya anga, mimi nauliza maji yanatoka wapi, yanaenda wapi, na nani ameshika koki. Mwandishi akikosa jibu hamu inaniisha taratibu hata kama mazimwi yake yanatema moto vizuri namna gani. Fantasia nyingi zinanipoteza hapohapo, unakuta mji mkubwa umekaa juu ya mwamba, ngome, minara, maelfu ya watu, halafu kurasa mia nne hakuna mtu hata mmoja amebeba ndoo. Huwa nasoma mpaka mwisho lakini moyo ushatoka.

Ndo maana Dune ya Frank Herbert, riwaya ya 1965 kuhusu sayari ya jangwa tupu, niliipenda kwa sababu ambazo sijaona wengi wakizitaja. Watu wanazungumzia unabii na ile minyoo mikubwa. Mimi kilichonikamata ni mitende. Mapema kwenye kitabu, familia ya Atreides, watawala wapya wa sayari, ikiwa ndo imefika mji wa Arrakeen, kuna mitende 20 mbele ya nyumba yao na Dk Yueh, daktari wa familia, anampigia Jessica, mama wa nyumba ile, hesabu: mtende mmoja unataka lita 40 kwa siku, mtu anataka 8, kwa hiyo mtende mmoja ni watu watano, na mitende 20 ni watu 100. Wapita njia wanaitazama ile mitende na Yueh anajua wanawaza nini. Sentensi chache tu na ushaielewa siasa yote ya sayari nzima. Nimekaa kwenye mikutano mingi ya jumuiya za watumia maji na nakwambia hakuna hoja inayoingia kwa watu kama hiyo, ukiongea mita za ujazo wanasinzia, ukisema bustani ile inakunywa maji ya kaya kadhaa kila mtu anakaa sawa. (Mtende halisi uliokomaa, kwenye joto la kiangazi cha Ghuba, unaweza kupita lita 100 kwa siku, kwa hiyo Herbert alikuwa mpole sana.)

Herbert hakuokota haya hewani. Miaka ya 50 mwishoni alikwenda Florence, kwenye jimbo la Oregon, kuandika makala kuhusu wataalamu wa serikali waliokuwa wanapanda nyasi kuzuia mchanga wa pwani usimeze barabara na nyumba. Makala ile haikutoka, ila ule mchanga hakuuacha, na ukisoma Dune ukijua hilo unaona wazi kwamba shujaa wa kwanza wa kitabu ni mtaalamu wa mazingira, Liet-Kynes, mtu wa kupima unyevu na kupanda nyasi.

Sasa ile suti ya Wafremen, wenyeji wa jangwa lile. Hii nataka niieleze vizuri kwa sababu naulizwa sana kama inawezekana. Kitabuni suti inanasa jasho, pumzi, mkojo, kila kitu, inasafisha, unayanywa tena kwa kamrija kadogo kalikopita shingoni, na inaendeshwa na mwendo wako mwenyewe, kuna pampu mpaka kwenye visigino. Ikivaliwa vizuri hupotezi zaidi ya kijitone kwa siku. Upande wa kuchuja hauna shida. Kwenye kituo cha kimataifa cha anga NASA walitangaza mwaka 2023 kwamba wamefikia kurudisha asilimia 98 ya maji, na wanayatoa kwenye vyanzo hivyohivyo, jasho, pumzi na mkojo, ila kwa mitambo mikubwa na umeme wa kutosha.

Shida iko kwenye joto. Jasho linakupoza kwa sababu linapokauka linaondoka na joto la mwili. Lita 1 ya jasho ikikauka inaondoka na kilojuli 2,400 hivi, na mtu anayefanya kazi jangwani anaweza kutoka hiyo lita kwa saa moja, maana yake mwili unatupa nje karibu wati 670 mfululizo, ni pasi ya umeme hiyo. Sasa suti ikilinasa lile jasho na kuligeuza maji tena, joto lote lile linarudi palepale ndani ya suti, haliwezi kupotea, na nje kuna nyuzi 45, kali kuliko ngozi yako, joto halitoki lenyewe kwenye ubaridi kwenda kwenye ukali. Ungehitaji friji mgongoni. Kwa hiyo hapana, kwa jinsi ilivyoandikwa Mfremen angeiva ndani ya suti yake kabla ya kufa kiu.

Na bado naipenda ile suti! Naipenda kwa sababu Herbert alikubali kwamba maji ya mwili ni akiba na yana hesabu. Angalia kifo cha Jamis, Mfremen mmoja. Anauawa na Paul, mtoto wa Jessica, kwenye pambano, halafu kabila linakamua maji yake, na yanatangazwa kwa kipimo, lita 33 na vijisehemu vyake, mbele ya watu wote, na yule aliyeshinda anakabidhiwa pete zinazowakilisha kiasi kile. Nilipofika pale nilisimama nikapiga hesabu kwenye ukingo wa kitabu. Mwanaume mzima maji ni karibu asilimia 60 ya uzito wake, wa kilo 70 ana lita 42 hivi, kwa hiyo lita 33 ni mtu wa kilo 55, mkavu, mwembamba, mtu wa jangwani kweli. Inakaa! Na sio hesabu tu, ni kwamba maji ya marehemu hayana siri, yanapimwa hadharani, kila mtu anasikia namba. Anayesimamia kioski cha maji kijijini anajua uzito wa hilo.

Kuna mahali duniani watu wamefanya hivi kwa karne nyingi bila saifai yoyote, Oman, kwenye mifereji ya falaj. UNESCO iliingiza mitano kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Maji yanatoka chini ya mlima, yanatembea kwa mteremko tu bila pampu, kwanza yanapita pa kunywa, kisha msikitini na pa kuoga, mashamba yanafuata baadaye, na kule mashambani kila mwenye haki ana muda wake, mchana unapimwa kwa kivuli cha jua na usiku kwa nyota. Anayesimamia anaitwa wakili wa falaj. Wasomaji wenye ndugu Oman wengi wameyaona haya kwa macho, basi warudi wasome Dune wakiwa na picha ile kichwani, kitabu kitawafungukia tofauti kabisa.

Pumzi ya Wanuri Kahiu wa Kenya ni filamu fupi, dakika 20 na kidogo, ya 2009, mwaka uliofuata ikaonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Sundance, Marekani. Miaka 35 baada ya Vita vya Maji watu wanaishi wamefungiwa, kila tone linazungushwa, umeme wanauzalisha kwa miili yao kwenye mashine za mazoezi. Hapa hesabu ni ileile ya Dune lakini mimi iliniuma zaidi, kwa sababu Wafremen wanayabana maji yao wenyewe kwa ajili ya ndoto yao, wakati kule kwa Asha, mhusika mkuu wa Pumzi, mgao umeshikwa na watu ambao hata hawamruhusu aulize kama nje kuna uhai. Anapata udongo wenye unyevu, anapanda mbegu, mbegu inaota, wanamkataza. Kitaalamu mche mmoja kwenye jua lile hauponi kwa kichupa cha maji na jasho la mtu mmoja, najua, nimeona miche mingapi inakufa ikiwa na mwagiliaji kabisa. Lakini ninapomwona anakamua jasho lake juu ya ule mche siwezi kushika kikokotoo, siwezi tu.

Nausicaä ndo imenikaa zaidi. Nasema ile manga, hadithi ya katuni ya Kijapani, ya Hayao Miyazaki, iliyotoka kwenye jarida la Animage kuanzia 1982 hadi 1994, vitabu 7, filamu inagusa sehemu ndogo tu. Dunia imeharibiwa, msitu wa kuvu wakubwa unatoa hewa ya sumu, watu wanavaa barakoa na kuuchoma moto. Nausicaä, binti wa mtawala wa Bonde la Upepo, ana chumba chake cha siri ambamo ameotesha mimea ileile ya msituni kwa maji ya kisima kirefu cha ngome, na haitoi sumu. Maana yake mmea hauna kosa, kosa liko kwenye udongo na maji, msitu unanyonya uchafu wa watu wa kale. Huyu binti amefanya jaribio sahihi kabisa, kaacha mmea uleule kabadilisha mazingira yake tu.

Mimi nimefanya kazi upande wa Arusha, chini ya Mlima Meru, na huko maji ya chini ya ardhi yanaweza kuwa meupe, matamu, baridi, na bado floridi imepita mbali kiwango cha WHO cha miligramu 1.5 kwa lita kwa sababu ya miamba ya volkano. Unaiona kwenye meno ya watoto, yamekuwa kahawia, na ikizidi inaingia kwenye mifupa. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kilichoshughulikia njia ya kuiondoa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, mifupa inachomwa kwa hewa kidogo, inasagwa, inapangwa kwenye chujio. Inafanya kazi vizuri. Ila mkaa ukichoka hausemi, maji yanatoka meupe vilevile na ladha ileile, mpaka mtu apime. Chujio bila mtu anayelijua ni hatari.

Sasa wenye kutaka kusoma wenyewe waishie hapa, maana nataka kuongelea kitabu cha 7. Inajulikana kwamba msitu ule ulitengenezwa na watu miaka elfu nyuma, makusudi, uchuje dunia, na miili ya waliobaki ilibadilishwa ili iihimili sumu kiasi kwamba hewa safi ikirudi itawaua. Hakuna aliyewauliza. Elimu yote imefungiwa kwenye kaburi la Shuwa, na Nausicaä anaamua kulibomoa.

Namwelewa hasira yake, mradi wa namna hiyo ningeukataa mkutano wa kwanza tu. Lakini kila nikirudia kurasa zile nabishana naye. Wale watu watabaki na chujio kubwa kuliko yote, ndilo wanaloishi ndani yake, na waliojua linavyofanya kazi na lini linaisha wamekwisha pamoja na maandishi yao. Angewatoa wale mabwana kwenye koki, sawa, ila ile michoro angewaachia wanakijiji wa Bonde la Upepo, maana wao ndo watakaoamka kesho kutafuta maji.