Mtoto wa pwani naye hufundishwa kuogelea

"Mwalimu, huyu kazaliwa pwani, Msangamkuu, hana cha kufundishwa kuogelea. Mpeleke tu Olimpiki." Nimeambiwa tena wiki hii, na mzee ninayemheshimu. Safari hii najibu kwa maandishi.

Muogeleaji Kirsty Coventry alizaliwa Harare, Zimbabwe, nchi isiyo na bahari, akatwaa medali 7 za Olimpiki. Dhahabu zote 2, Athens 2004 na Beijing 2008, ni za mita 200 chali. Alizitafuta bwawani, chini ya kocha mwenye saa mkononi. Watoto wetu pumzi wanayo na woga wa maji hawana, hapo sibishani.

Kinachonitesa ni kichwa. Aliyejifunzia baharini huogelea kichwa juu, na ana sababu: lazima aone wimbi linavyokuja na mtumbwi uliko. Maji ya chumvi ni mazito kuliko ya bwawa kwa kama asilimia 2.5, yanambeba, hivyo haoni hasara yake. Mwingize bwawani sasa. Kichwa kikipanda, nyonga zinazama, miguu inaburuta, anakwenda kama ngalawa iliyopakiwa tezi tu, yaani nyuma. Akikaza ndiyo kabisa, maana mwendo ukiongezeka mara 2, ukinzani wa maji huongezeka kama mara 4. Namwambia atazame sakafu. Anatazama mapigo matatu, macho yanarudi mbele yenyewe. Kuiondoa tabia hiyo ni kazi ya miezi, na nguvu za mtoto haziifupishi hata kidogo.

Kugeuka nakutaja tu: baharini hakuna ukuta. Mita 200 kwenye bwawa la mita 50 zina migeuko 3, na kila ukijisukuma ukutani, kwenye mtindo huru, chali na kipepeo unaruhusiwa mita 15 chini ya maji. Asiyejua kuzitumia ameshaachwa.

Lakini kuna jambo linaninyima usingizi. Tangu Beijing 2008, Olimpiki ina kilomita 10 za maji ya wazi, yaani baharini, ziwani au mtoni. Huko hakuna mstari sakafuni. Asiyeinua macho kutafuta boya anapotea njia. Huenda ninachokifuta bwawani ndicho wangekihitaji kule. Ingawa hata kule ni macho tu yanayochungulia, kisha uso unarudi majini. Hakuna anayekwenda kilomita 10 shingo juu. Sijaamua nianzie bwawani au kwenye boya. Wenzangu wa Lindi, watoto wa Kitunda mnawaanzishia wapi?